Diski Kumi na Mbili na Amana ya Watu: Kujenga Seva Kubwa ya Kuhifadhi kwa Bei Nafuu, Mombasa

Kamera ninayotumia huandika megabiti 100 kwa sekunde, yaani gigabaiti 45 kwa kila saa ya picha. Na harusi ya Mombasa haiishi kwa saa moja. Kuna siku ya kupamba, kuna nikaha, kuna walima. Kamera zikiwa tatu, narudi nyumbani na saa kumi za picha, karibu nusu terabaiti. Harusi arobaini kwa mwaka ni terabaiti 18.

Mimi hupiga upande wa wanawake. Siku ya kupamba, bibi harusi na shoga zake wako vichwa wazi, wamejitia piko na asumini, wanacheza kwa raha zao kwa sababu wanajua hakuna mwanamume humo ndani. Wakinikubalia kuingia na kamera wamenipa amana. Siwezi kuzipandisha picha hizo kwenye mashine ya mtu nisiyemjua, nchi nisiyoijua, na sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 nayo inanibana. Lakini pia siwezi kuzipoteza. Mwaka wa tatu wa kazi yangu alinijia binti niliyempiga harusi yake. Mamake alikuwa amefariki, na hakuwa na picha nyengine ya mama akicheka. Diski niliyohifadhia ilikuwa kwenye droo. Niliitoa, nikaichomeka, ikawa inagonga tu, tik, tik, haifunguki. Tangu siku hiyo nimejifunza kujenga seva, na haya ndiyo niliyojifunza.

Wazo lenyewe si langu. Septemba mwaka 2009, kampuni ya Backblaze ya Marekani ilitoa hadharani michoro ya sanduku lake: diski 45 za terabaiti 1.5 ndani ya boksi moja la chuma, jumla terabaiti 67, kwa dola 7,867. Walitumia vifaa vya kawaida vya dukani na Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, wakazigawa diski makundi matatu ya 15, kila kundi likivumilia kufa kwa diski mbili. Walikubali kwamba diski ni kitu cha kufa, wakajenga sanduku lisilotikisika zinapokufa. Sisi hatuhitaji 45. Nitaeleza ya 12, ambayo inatosha studio, msikiti wenye kurekodi darsa zake, au shule.

Kabla ya kununua chochote: mjue adui

Watu wengi hapa huogopa joto. Joto lipo, lakini diski nyingi zimetengenezwa kufanya kazi hadi nyuzi 60, na chumba changu Februari kinafika 32 au 33. Adui mkubwa wa pwani ni unyevu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers pamoja na wa Microsoft walichunguza vituo vya data vinavyopozwa kwa hewa ya nje, wakakuta kwamba unyevu wa hewa ndio ulioua vifaa kuliko joto, na kilichoharibika zaidi ni saketi za kuiendesha diski na viunganishi vyake. Sahani zenyewe za ndani hazikuwa tatizo kubwa. Nilipofungua ile diski yangu ya droo na kugeuza ubao wake, vile vidoti vya kugusana vilikuwa vimefanya ukungu wa kijani. Ongeza chumvi ya upepo wa bahari juu ya unyevu, umeelewa kwa nini.

Sasa hapa pana jambo lenye faida. Hewa ya nyuzi 28 yenye unyevu wa asilimia 80, ukiipasha moto mpaka nyuzi 38, unyevu wake unashuka hadi kama asilimia 45. Maji hayajapungua, ila hewa ya moto ina uwezo wa kubeba maji zaidi. Kwa hiyo diski inayozunguka hujikausha yenyewe. Ile inayolala kwenye droo ndiyo inayoliwa na kutu. Usiizime seva yako kila usiku ukidhani unaitunza.

Na kama chumba kina eyakondishena, jihadhari. Diski iliyokaa kwenye nyuzi 20, ukiitoa nje mchana wa kaskazi, hutoka jasho kama chupa ya soda. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki ingali baridi, uiache saa mbili tatu ipate joto la chumba, ndipo ufungue.

Hatua ya 1: kompyuta

Hapa usipoteze pesa. Seva ya kuhifadhi haihitaji nguvu nyingi. Nenda kwa wauzaji wa kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya, utafute zile za kazi nzito kama HP Z440 au Dell Precision T5810. Ninazipendea kitu kimoja: zinakubali RAM ya ECC, ile inayojisahihisha biti moja ikikosewa. Gigabaiti 16 zinatosha, 32 ni starehe.

Ubaya wao ni kwamba pawa saplai zao zina viunganishi vya kiwanda chao, na waya wa diski ni michache. Tutalitatua hilo kwenye hatua ya stima.

Hatua ya 2: kadi ya diski

Ubao mama una nafasi chache za SATA, yale matundu ya kuchomekea diski. Tafuta kadi ya familia ya LSI, kama 9211-8i au 9207-8i, iliyokwisha kutumika. Mwulize muuzaji kama imewekwa katika hali ya IT. Katika hali hiyo kadi humwonyesha Linux kila diski kama ilivyo, bila ya kujitia ujanja wake wa ndani wa RAID, yaani wa kuunganisha diski kuwa kundi. Kadi moja inachukua diski nane. Nne zilizobaki utazichomeka kwenye ubao mama.

Mambo mawili hapa yamewapotezea wengi wiki nzima. La kwanza ni waya. Ule wa kadi hizi, uitwao SFF-8087, unaogawanyika mara nne, una aina mbili, wa kutoka kwenye kadi kwenda kwenye diski na wa kinyume chake. Sura ni moja, bei ni moja, na ule wa kinyume hautafanya kazi kamwe. La pili ni moto. Kadi hizi zilitengenezwa kwa seva zenye feni za kishindo. Ukiiweka kwenye boksi la kawaida, kile kibati chake cha kupoza kinaunguza kidole, na ikizidiwa huanza kuzitupa diski moja moja kana kwamba zimekufa. Ifungie feni ndogo juu yake kwa vifungo vya plastiki, basi.

Hatua ya 3: diski zenyewe

Zaidi ya nusu ya pesa yako itaishia hapa, kwa hiyo tulia.

Terabaiti 8 ndio ukubwa ninaoupenda kwa sasa kwa hesabu ya bei kwa kila terabaiti, ila fanya hesabu yako siku ya kununua: gawa bei kwa terabaiti, usitazame bei peke yake. Mara nyengine diski ya nje, ile kubwa yenye waya wake wa stima, huwa rahisi kuliko diski ileile ikiuzwa tupu. Mafuriko ya Thailand ya mwaka 2011 yalipozamisha viwanda na bei kupanda, wafanyakazi wa Backblaze walizunguka madukani kununua diski za nje na kuzimenya, yaani kuzitoa kwenye maganda yao. Nawe unaweza kumenya. Lakini zile ndogo za mfukoni usizimenye, kwani nyingi kiunganishi cha USB kimechomelewa kwenye ubao wake na hutapata SATA ndani.

Ukimenya ile kubwa na ikakataa kuwaka kabisa, usimrudie muuzaji kwa ugomvi. Diski nyengine mpya husoma volti 3.3 kwenye pini ya tatu ya stima kuwa ni amri ya kulala. Ziba pini tatu za mwanzo kwa mkanda wa Kapton, usiopitisha stima, itaamka.

Epuka diski za aina ya SMR. Hizo hupanga data kama vigae vya paa, kimoja juu ya chengine, na kuandika upya kipande kidogo hulazimu kuvua na kuvisha safu nzima. Siku ya kujenga upya kundi zinakwama vibaya. Mwaka 2020 wanunuzi waligundua kwamba baadhi ya WD Red za terabaiti 2 hadi 6 zilikuwa SMR bila ya boksi kusema. Soma karatasi ya maelezo ya modeli yenyewe. Unayotaka ni CMR, ambazo hazipandanishi data hivyo.

Diski zilizokwisha kutumika nazinunua, ila kwa kupima. Ichomeke, kisha andika amri hii kwenye Linux (sdb ni jina ambalo Linux imeipa diski hiyo, hakikisha la kwako):

smartctl -a /dev/sdb

Tazama mistari inayoanza na namba 5, 197 na 198. Namba ya mwisho ya kila mmoja iwe sifuri. Mstari wa 199 ukiwa na namba, mara nyingi shida ni waya, badilisha waya kwanza. Kisha ipe mtihani wa kweli, kabla haijashika hata picha moja ya mtu:

badblocks -b 4096 -wsv /dev/sdb

Amri hii inafuta kila kitu. Inaandika na kusoma diski nzima mara nne, na kwa terabaiti 8 itachukua kama siku tano. Siku tano ni nyingi, najua. Subiri. Na diski ikifaulu usijione umepata hati ya dhamana: watafiti wa Google walioangalia diski zaidi ya laki moja, mwaka 2007, walikuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikutoa dalili yoyote kati ya zile kubwa nne walizozifuata.

Nunua 13, si 12. Ya kumi na tatu ni ya akiba. Na ukiweza changanya maduka, au walau miezi ya kutengenezwa, ili zisizeeke na kufa siku moja.

Hatua ya 4: sanduku

Boksi la diski 12 ni ghali, na usafiri wake ni ghali zaidi. Mimi nilienda kwa fundi wa madirisha ya aluminiamu. Mombasa hii mafundi hao hawakosekani mtaani, na sababu yao ndiyo sababu yetu: chuma huliwa na chumvi, aluminiamu inastahimili. Vipande vya pembe vinavyobaki kwenye madirisha ndivyo hasa tunavyovitaka.

"Ami, nataka mwanya wa sentimita moja na nusu baina ya diski na diski."

"Si mwingi huo, dada? Boksi litakuwa kubwa."

"Acha liwe kubwa. Hewa ipite."

Diski ina unene wa milimita 26. Ukiongeza mwanya wa 15, safu ya diski sita inakuwa na urefu wa kama sentimita 24. Safu mbili, moja juu ya nyengine, na mbele yake feni tatu za milimita 120 zinazosukuma hewa ndani. Matundu yapigwe kekee kulingana na diski moja halisi uliyompelekea fundi, usimpe vipimo vya mdomo. Weka vishikizo vya mpira kwenye kila skrubu, kwa sababu diski 12 zikitikisana zinakoseana shabaha. Skrubu za diski ni za inchi, aina ya 6-32, na ukilazimisha ya milimita utaua uzi.

Kazi ikiisha, osha fremu kwa maji na sabuni, uikaushe juani. Unga wa aluminiamu ulioachwa na kekee ukiangukia ubao wa diski ni shoti.

Mbele ya feni weka wavu mwembamba wa kushika vumbi, uufue kila mwezi. Na seva ikae mbali na dirisha linaloangalia bahari.

Hatua ya 5: stima

Diski ikizunguka inakula wati 6 hadi 8, lakini sekunde zile za kuamka inavuta kama ampea 2 kwenye laini ya volti 12. Mara 12 ni ampea 24, karibu wati 290 kwa mpigo mmoja, kabla hujahesabu kompyuta. Hapa ndipo pawa saplai za bei ya kutupa zinapolia. Nunua moja nzuri ya wati 550, ya diski peke yake, na kile kibao kidogo kinachoiamsha pale ya kompyuta inapowaka. Waya za kugeuza molex, kile kiunganishi cha stima cha zamani, kuwa SATA zilizopigiwa plastiki ya kuyeyusha usizitumie, zinajulikana kwa kushika moto. Tumia zile ambazo unaona kila waya umebanwa peke yake.

Kisha UPS, betri ya kushikilia stima inapopotea. Si hiari. Stima ikipotea katikati ya kuandika ni hasara moja, na stima ikirudi kwa kishindo ni hasara ya pili. Chukua ile yenye kusawazisha volti, iwe na waya wa USB wa kuongea na seva, uweke programu ya NUT izime kila kitu kwa adabu betri ikibaki kidogo. Soketi iwe na waya wa ardhini wa kweli. Nyumba nyingi kongwe za Mji wa Kale soketi ina tundu la tatu na nyuma yake hamna kitu. Mlete fundi wa stima apime. Betri ya UPS nayo haipendi joto letu: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, umri wake hupungua kama nusu. Weka pesa ya betri mpya kila mwaka wa pili.

Kwa mwezi, seva yangu ya aina hii inakula karibu wati 130 mfululizo, yaani uniti 94 hivi. Zidisha kwa bei ya uniti iliyo kwenye risiti yako ya tokeni.

Hatua ya 6: kuzipanga diski

Natumia Debian, aina moja ya Linux, na mfumo wa mafaili wa ZFS, uliozaliwa Sun Microsystems na ambao leo ni wa bure. Unahesabu alama ya kila kipande cha data, kwa hiyo faili likioza kimyakimya unajua, na mara nyingi unajitibu wenyewe.

Zipange makundi mawili ya sita, kila moja likiwa raidz2, yaani diski zozote mbili katika kundi zinaweza kufa bila ya kupotea kitu. Kwa nini si moja? Diski nyingi za bei ya kawaida huahidi kosa la kusoma lisilozidi moja kwa kila terabaiti 12.5 zinazosomwa. Kundi la sita linapojengwa upya, diski tano zilizobaki zinasomwa usiku kucha na mchana kutwa. Hutaki wakati huo uwe huna akiba.

zpool create -o ashift=12 -O encryption=on -O keyformat=passphrase -O compression=lz4 -O atime=off hazina raidz2 (majina sita) raidz2 (majina sita)

Hazina ni jina nililolipa ghala zima. Majina ya diski yatoe kwenye /dev/disk/by-id, kwani yale ya sdb na sdc hubadilika ukihamisha waya. Neno la encryption ndilo linalofunga amana: seva ikiibwa, au diski mbovu ikiishia jaani, hakuna atakayeona kitu. Nywila iandike kwenye karatasi, nakala mbili, moja kwa mtu unayemwamini kama nafsi yako. Ikipotea, picha zimekwenda.

Terabaiti 96 za kununua zinakupa 64 za kutumia, na kompyuta itaonyesha kama 58 kwa sababu inahesabu kwa 1024. Usijaze kupita asilimia 80.

Sasa chukua karatasi za gundi, uandike namba ya utambulisho (serial) ya kila diski, ubandike mahali inapoonekana bila ya kuichomoa. Nilipuuza hili. Diski moja ilikufa, ya pili nikaichomoa mimi kwa kukosea, na kwa dakika kumi kundi lilikuwa halina akiba hata moja, na ndani yake mna miaka mitatu ya harusi za watu. Mikono ilikuwa inatetemeka wakati naichomeka tena.

Hatua ya 7: jaribu kuiua

Kabla ya kupakia kitu cha maana, nakili mafaili ya majaribio, kisha chomoa diski moja kwa makusudi. Andika zpool status, uone inavyolalamika. Weka ile ya kumi na tatu, andika zpool replace, utazame inavyojengeka. Zima UPS ukutani uone kama seva inajizima yenyewe. Afadhali ujifunze leo kuliko usiku wa manane mteja anasubiri.

Baadaye, kila mwezi iendeshe zpool scrub hazina, ambayo husoma kila kipande na kukihakikisha. Naiweka Ijumaa baada ya Isha.

Hatua ya 8: nakala ya pili

Diski mbili za akiba hazikusaidii nyumba ikiungua, wala ukifuta kwa mkono wako mwenyewe. Lazima pawe na nakala mahali pengine.

Mombasa nyaya za baharini zinatua hapa hapa, SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010. Lakini mkondo wa kupandisha nyumbani kwangu ni megabiti 20, na terabaiti 30 kwa kasi hiyo ni siku 139 bila ya kupumzika. Kwa hiyo natumia basi. Nina diski kubwa nne zinazobeba harusi zilizokwisha kukabidhiwa, na dada yangu anakaa Voi, ambako hewa ni kavu kuliko huku. Kunakili terabaiti 10 kwa waya wa gigabiti moja huchukua kama saa 25. Naanzisha asubuhi, kesho yake mchana imekwisha.

Diski zinasafiri kwenye kopo la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, na vifuko vya silika ndani, vile vinavyobadilika rangi vikinywa maji. Zikifika, dada huzichomeka kila baada ya miezi mitatu kwa usiku mmoja zizunguke, na mimi nasoma alama zake kwa mbali. Silika ikigeuka rangi anaitia jikoni kwenye moto mdogo mpaka irudi ilivyokuwa. Likizo ya Agosti nikienda kumwona, nachukua mbili, naacha mbili.